Hatua Mia Nne Kaskazini

Jumatatu, 6 Mei

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Ni mimi niliyechagua kaburi la mama. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama alikufa Januari, na Januari ardhi ya kwetu huganda kwa baridi ikawa chuma, haichimbiki. Akangoja kwenye chumba cha baridi mpaka Aprili, pamoja na maiti za wazee wawili. Siku ya kuzika ikanyesha mvua ya barafu. Baba alishindwa kutoka garini. Mzee Arvid Moen, anayetunza makaburi ya kanisa, akaniuliza mimi: wapi? Nikanyoosha kidole kuelekea pembe ya kusini-magharibi, mwisho kabisa, kando ya uzio. Sikuwa na sababu yoyote nzuri. Gari letu lilikuwa limeegeshwa upande ule, na hita ilikuwa inawaka.

Miaka mitano sasa mama yuko peke yake pembeni. Jirani yake wa karibu ni banda la majembe. Yote kwa sababu mimi nilisikia baridi miguuni.

Leo nimepata njia ya kurekebisha. Hisabati.

Mto unakula makaburi. Masika haya umechukua uzio wa mashariki na hatua tisa za nyasi. Kanisa limeamua wafu wote sitini na watatu wahamishwe, waende kwenye shamba la viazisukari alilotoa Mama Bergit Kvam. Mama Kvam ndiye mwenyekiti wa kamati ya makaburi. Ana miaka themanini na nne, na fimbo ya alumini anayoitumia zaidi kuonyeshea kuliko kutembelea. Aliuliza shuleni nani anaweza kuchora ramani. Mwalimu wa hisabati akanitaja: Ragna Tveit. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Kwa kawaida nikiulizwa jambo mbele ya watu huangalia viatu.

Agizo la Mama Kvam: kila mtu abaki na majirani zake walewale. Hakusema abaki upande uleule. Agizo nimeliandika neno kwa neno na kulipigia mstari.

Jumatano, 8 Mei

Nimepima makaburi pamoja na Mzee Arvid. Tumetumia hatua za buti lake, maana tepu haiamini. Msalaba wa jiwe ulio katikati ndio sifuri, sifuri. Namba ya kwanza inahesabu kwenda mashariki, ya pili kwenda kaskazini. Ukirudi nyuma, namba inakuwa hasi. Kila marehemu ni kipande cha mstari: nukta moja kichwani, nukta moja miguuni. Vichwa vyote viko magharibi na miguu mashariki, ili siku ya ufufuo kila mtu akikaa kitako alione jua.

Mama: kichwa (-24, -18), miguu (-21, -18).

Lango liko kaskazini, na kule shambani litakuwa kaskazini vilevile. Mstari wa mbele, wa heshima, ni wenye namba ya pili kati ya 16 na 18. Akina Kvam wako huko mbele, bila shaka.

Mpango wangu ni kioo. Unaweka kioo kwenye mstari unaopita msalabani kutoka magharibi kwenda mashariki. Kila namba ya pili inageuza alama, basi. Umbali kati ya nukta na nukta haubadiliki hata unywele. Majirani wanabaki majirani. Vichwa vinabaki magharibi. Na mama anatoka -18 anapanda mpaka 18. Mstari wa mbele. Hiyo 18 nimeizungushia duara.

Kero moja: Curtis Kvam, mjukuu wa Mama Kvam, anakaa nyuma yangu darasani na kunuka dizeli. Leo alichungulia daftari langu, akauliza namba zote hizo za nini. Shamba si liko hatua mia nne kaskazini mwa makaburi? Si niwasogeze wote hatua mia nne kaskazini, nikalale zangu? Nilimwambia kwamba hisabati si kuendesha trekta. Yaani nilimwambia moyoni. Kwa mdomo nilisema, "Mm."

Ijumaa, 10 Mei

Kikao cha kamati, kwenye chumba kilicho chini ya kanisa. Kahawa, keki za sinia, taa inayolia. Mama Kvam akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akafuata ramani yangu kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Mama yangu yuko mkono wa kulia wa baba yangu," akasema.

Sikuelewa. Mzee Arvid ndiye aliyenieleza, kwa upole, kama anayemweleza mgeni, na mimi nimezaliwa hapahapa. Kwetu mke huzikwa kushoto kwa mumewe, kama alivyosimama madhabahuni. Mtu akitazama mashariki, kushoto kwake ni kaskazini. Kioo changu kimefanya kaskazini yote kuwa kusini. Nimewapindua wake kumi na tisa kwa mpigo mmoja wa penseli.

Mama Kvam akasema baba yake alikuwa kiziwi sikio la kulia. "Mama aliongea naye upande wa kushoto miaka arobaini. Sasa wewe, binti, umemweka aongee na ukuta mpaka mwisho wa dunia." Halafu akagundua kwamba mumewe, Elmer, ameangukia mstari wa nyuma. Akauliza kama Elmer aliwahi kunikosea.

Nikasema nitarekebisha. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya maghala ili nisipishane na mtu.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Akina Mama. Kanisani wanagawa maua: jekundu kwa mwenye mama hai, jeupe kwa asiye naye. Mgawaji ni Curtis. Alinipa langu bila neno, ni jambo la heshima kwake, nami nimelichukia vilevile.

Tukapeleka maua mawili meupe pembeni, mimi na Baba. Baba husimama pale akiupa mgongo uwanja wote, uso kwenye uzio. Nadhani ni aibu. Hataki kuona jinsi wengine walivyo karibu karibu. Nilimwangalia mgongo, nikaweka ua langu chini.

Tukarudi, tukala nyama ya kusaga na viazi vya juzi. Kisha nikagundua. Kuzungusha!

Unachoma sindano msalabani, unazungusha karatasi nzima nusu duara. Namba zote mbili zinageuza alama. Kichwa cha mama kinakwenda (24, 18). Mstari wa mbele tena, kwenye kona safi karibu na lango. Na wake? Nimewakagua mmoja mmoja. Mume na mke wanazunguka pamoja, kama watu wanaocheza dansi, hivyo kushoto kunabaki kushoto. Kumi na tisa kwa kumi na tisa. Nimekunywa glasi mbili za maziwa kujipongeza.

Elmer Kvam bado yuko nyuma. Nimeandika ukurasa mzima kuhusu mkondo wa maji ya mvua ili kumtuliza mjane wake.

Jumanne, 14 Mei

Safari hii nilimpelekea Mzee Arvid kwanza. Alikuwa bandani ananoa koleo. Akaigeuza ramani, akauliza kichwa cha mama yangu kiko wapi. Ishirini na nne, nikasema. Na miguu? Ishirini na moja.

Akaweka koleo chini. "Kwa hiyo kichwa kiko mashariki."

Nikaona. Nikaona kabla hajamaliza, na bado alimaliza. Alisema nimewalaza wote wakitazama magharibi. Parapanda ikilia watakaa kitako mbele ya ghala la ngano la akina Kvam, Mwokozi yuko nyuma yao. Akauliza kama ndivyo ninavyotaka Walutheri sitini na watatu waamke. Nikasema labda watageuka.

"Binti," akasema, "wewe Walutheri huwajui."

Halafu akasema ameona jambo. Kila ramani ninayoleta, wengine wanakwenda huku na huku, lakini mtu mmoja daima anafika langoni. Nikasema ni bahati tu ya namba. Akarudi kunoa koleo. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye alikuwepo ile Aprili. Alikiona kidole changu. Ila habari ya hita haijui.

Kioo cha upande wa pili nimekijaribu pia. Kinaharibu vyote, wake na vichwa, na mama habanduki nyuma. Njia pekee isiyomdhuru maiti yeyote ni kuwasukuma wote kwa mkupuo, bila kugeuza wala kuzungusha: namba ya kwanza iachwe, ya pili iongezwe mia nne. Ndiyo njia ya Curtis. Nimeiandika kwa herufi ndogo sana. Mama Kvam ametia sahihi bila hata kuvaa miwani ya pili. Curtis amesema hahitaji shukrani, atapokea lefse tu, zile chapati za viazi za Baba, mbili, zenye siagi. Hatapata hata ukingo.

Mama anakwenda (-24, 382). Pembe ileile, shamba jingine. Nimemhamisha na sijamsogeza.

Alhamisi, 16 Mei

Nilikuwa mjinga. Kwa nini nilikuwa nahamisha watu sitini na watatu kwa ajili ya mmoja?

Kwenye orodha yangu kuna pengo. Mstari wa mbele, kichwa (16, 18), ubavuni kabisa mwa Elmer Kvam, upande wa kaskazini. Hakuna aliyezikwa pale. Nimekagua kitabu cha kanisa mara mbili. Elmer amelala peke yake miaka tisa, karibu na lango, na nafasi nzuri kabisa kando yake haina mtu. Ajabu jinsi watu wasivyotumia akili.

Kule shambani tayari tumekita vigingi, viwili kwa kila marehemu, kimoja kichwani na kimoja miguuni, kila kimoja na jina. Leo asubuhi kabla ya shule niling'oa vigingi viwili vya mama, (-24, 382), nikavikita (16, 418). Kichwa magharibi, miguu mashariki. Nilihakikisha. Safari hii nimekagua kila kitu.

Niliona umande kwenye viatu vyangu nikajisikia mtu aliyefanya kazi yake.

Jumamosi, 18 Mei

Kanisa zima lilikuja kutembelea shamba jipya. Watu kama arobaini, wana chupa za kahawa. Baba alivaa kofia safi.

Mama Kvam alitangulia na fimbo, mstari wa mbele, akisoma majina kwa sauti. Baba yake. Mama yake, kushoto. Elmer. Kisha fimbo ikagusa kigingi kinachofuata.

"Marit Tveit," akasoma.

Mzee Arvid akavua kofia. Upepo ukapita. Ndipo Curtis, nyuma kabisa ya watu, akasema, "Bibi, naona Babu kaoa."

Ndipo nilipoelewa pengo ni la nani. Kwenye orodha yangu niliandika wafu tu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliye hai, anayekunywa kahawa mbele yako, anaweza kuwa na nukta yake tayari. Nimemlaza mama yangu kushoto kwa mume wa mtu, mbele ya usharika mzima.

Nikasema nimekosea alama. Nilisahau kuweka hasi. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu arobaini, mimi ambaye sijakosea alama tangu darasa la saba. Na Curtis akasema hata yeye anajua kwamba hasi ishirini na nne haiwi kumi na sita kwa kusahau alama.

Mama Kvam hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya peremende, akasema polepole, "Nafasi ile naingoja miaka tisa. Ukitaka kunitoa, mwanangu, subiri kwanza niingie."

Baba aling'oa vigingi vyote viwili mwenyewe, akavifuta udongo kwa mkono wa shati, akavirudisha pembeni. Hakuniangalia.

Garini alikaa bila kuwasha injini. Nikajua sasa atauliza, nami nitasema. Nilishaanza kupanga maneno. Lakini hakuuliza. Alisema anajua nataka mama yangu awe karibu na watu, ila nisihangaike. Akasema siku ile ya mazishi yeye alishindwa hata kufungua mlango wa gari, na mimi, mtoto wa miaka kumi na moja, nilishuka nikamchagulia mama mahali. Na nilichagua vizuri kuliko ambavyo yeye angechagua.

Nikauliza vizuri kivipi.

"Reli," akasema. "Pale ndipo karibu kabisa na reli. Ulikumbuka alivyokuwa anapenda kuhesabu mabehewa."

Reli inapita nje ya uzio wa magharibi, kutoka kusini kwenda kaskazini. Sikuwahi kuifikiria. Mama alikuwa akisimama dirishani na sahani mkononi, anahesabu mabehewa ya ngano, na ukimsemesha anainua kidole kimoja usubiri. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikumbuka hita.

Baba akasema kila Jumapili akisimama pale huangalia reli, na hujiambia angalau kuna mmoja wetu aliyekuwa na akili siku ile. Kisha akawasha injini.

Ningeweza kusema. Kutoka shambani hadi nyumbani ni dakika sita. Nilizihesabu.

Jumatano, 22 Mei

Wamemhamisha leo. Nimeruhusiwa kukosa shule.

Wafanyakazi wa kampuni ya kuhamisha makaburi walikuja na mashine ndogo ya njano na maturubai. Baba aliniambia nisiangalie. Niliangalia. Jeneza lilitoka likiwa na udongo mzito chini yake, kona moja imelegea, vishikio vimekuwa rangi ya chai. Lilikuwa dogo kuliko nilivyokumbuka. Mtu mmoja alilifunga mkanda kama anavyofunga mzigo wowote. Hatua mia nne kwa gari la kukokota, mwendo wa mtu. Baba alitembea upande wa kushoto, mimi kulia. Mzee Arvid nyuma, kofia mkononi.

Kichwa (-24, 382). Miguu (-21, 382). Magharibi, mashariki. Reli iko umbali uleule kama zamani, hatua kumi na moja kutoka uzioni, kwa sababu mtu ukimsogeza sambamba na reli, reli haimwachi. Katika njia zote nilizopanga, hii ya Curtis ndiyo iliyomwachia mama treni zake, na ndiyo niliyoiandika kwa herufi ndogo. Kama mpango wangu wa nusu duara ungepita, angekuwa ng'ambo ya uwanja mzima.

Mama Kvam alileta kahawa, akasimama mbali, akaondoka bila kuaga.

Treni ilipita wakati wanafukia. Baba akavua kofia na kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mabehewa tisini na mawili. Mimi nilipata tisini na moja. Sikumwambia.

Alisema, "Asante kwa mahali hapa," bila kunigeukia. Nikasema, "Mm."

Ijumaa, 24 Mei

Sikulala vizuri, na asubuhi nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Si katika uongo. Lilikuwa katika kudhani kwamba ni lazima nukta isogee.

Nukta haihitaji kusogea. Mama yuko (-24, 382), karibu na reli, Baba ameridhika, vizuri. Kinachomfanya awe nyuma ni lango kuwa mbele. Na lango la shamba jipya halijajengwa. Ni vigingi viwili tu upande wa kaskazini vyenye kitambaa chekundu. Hamisha lango likae pembe ya kusini-magharibi, na mstari wa nyuma unakuwa wa mbele. Hakuna mke anayepinduliwa. Hakuna kichwa kinachogeuzwa. Kila anayeingia makaburini atapita kwa mama yangu kwanza na kumwamkia. Na sitahitaji kumweleza mtu yeyote kwa nini yuko pale.

Barabara haifiki upande ule. Hilo ni suala la barabara.

Baba alikuwa mezani anakula mkate. Akaniuliza naandika nini tangu alfajiri. Nilifungua mdomo ili nimwambie lile la Aprili, lote, pamoja na hita. Nilimwona amechukua penseli, anaandika 92 pembeni mwa kalenda ya ukutani, kwenye mraba wa Jumatano. Nikasema kazi ya shule.

Kisha nikamaliza maziwa yangu, nikaosha glasi, nikachukua koleo la Baba na tepu ya kupimia. Niliendesha baiskeli mpaka shambani. Niling'oa vigingi viwili vya lango nikavikita pembe ya kusini-magharibi, hatua nne kutoka miguu ya mama. Kwenye kibandiko niliandika LANGO, nikiiga mwandiko wa Curtis. Nilifukia mashimo ya zamani, nikakung'uta viatu, nikaenda shule. Kipindi cha kwanza kilikuwa hisabati. Nilikaa kiti cha mbele.